Gari la Kumpeleka Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimenunua gari. Naandika tena ili niamini: nimenunua gari. Mimi Ikupa, ambaye mwaka jana tu nilikuwa nafumba macho bajaji ikipishana na lori.

Dogo, jeupe. Limetumika – hilo halifichiki, kiti cha dereva kimebonyea umbo la mtu mwingine. Muuzaji wa Mlowo anasema lilikuwa la mama mmoja wa Vwawa, safari zake kanisani na sokoni, basi. Nadhani wauza magari wote wana huyo mama. Nikalipenda hivyo hivyo.

Nimeliendesha mwenyewe kutoka Mlowo. Vwawa nikapita vizuri. Mpemba vizuri. Nilipoingia kwenye foleni ya malori hapa Tunduma, sogea simama, sogea simama, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikadhani ndivyo mishale inavyofanya. Dereva mmoja Mzambia akateremka kwenye lori lake akaja kunigongea kioo: “Mama, amenshi! Amenshi!” Maji. Ndipo nikatazama mbele – mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya maharage. Akanisaidia kusukuma pembeni, akangoja lipoe, akamimina maji yake ya kunywa. Sikumuuliza hata jina. Nina haya.

Nilipoliingiza uani Baba alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni, kichwa upande, akisikiliza injini. Kuliona hawezi. Mimi nikabaki ndani ya gari mpaka aliporudi ndani, ndipo nikashuka.

Jumapili, 7 Septemba

Gari limeombewa. Mchungaji ameweka mkono kwenye boneti na bahati nzuri lilikuwa limepoa. Kwaya imeimba. Halafu mama mmoja wa umoja wa wanawake akaniuliza mbele ya wenzake: gari la nini sasa, Mama Ruti, na wewe uko peke yako? Nikacheka nao. Nimerudi nyumbani nimekasirika.

La nini? La kumpeleka baba mkwe Mbeya. Lakini hilo ukilisema lazima ueleze yote. Kwetu, Wandali wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawasemezani. Wengi siku hizi wameacha. Baba hajaacha, na mimi nimelelewa hivyo, naona aibu kuwa wa kwanza. Ezron alipokuwa hai haikuwa shida. Chakula, dawa, habari za mji – yote yalipita kwa mume wangu, au kwa Ruti kabla hajaolewa Dodoma. Sasa Ezron amelala Ibaba, kijijini kwao, mwaka wa pili huu. Tumebaki wawili kwenye ua mmoja na hakuna wa katikati. Naweka sinia kwenye kigoda mlangoni kwake, nakohoa, naondoka. Akimaliza anagonga kijiko kwenye sahani. Zipo siku hicho kijiko ndicho kitu pekee kilichonisemesha.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa upasuaji wanakuja Mbeya Alhamisi ya tarehe 18, wanapokea wagonjwa siku moja tu, mwisho saa sita mchana. Basi haliwezekani – tubanane kiti kimoja? Mara ya mwisho nilikodi taksi, mimi mbele, yeye nyuma. Dereva akarudi kutangaza stendi nzima kwamba mjane na mkwewe ni mabubu. Kwa hiyo gari. Yeye nyuma, mimi mbele, sigeuki. Na kioo cha ndani nimekipindua kitazame dari.

Shemeji Yonasi amepiga simu jioni kutoka Ibaba. Maneno yale yale: mwenye nyumba amekufa, haifai wakwe wawili wabaki peke yao, Baba arudi nyumbani. Nimemwomba angoje upasuaji. Amekubali kwa shingo upande: Baba akiona, atachagua mwenyewe pa kuishi. Akikosa tarehe 18, Jumamosi yake Yonasi anakuja kumchukua.

Sitaki aondoke. Acha niandike wazi, hakuna anayesoma humu. Hatujawahi kusemezana na sitaki aondoke.

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi Lucky. Gereji yake ni uwanja wenye mti wa mparachichi na injini tatu zilizokufa. Amefungua boneti, ametazama, ameguna. Gasketi ya silinda imeungua, Mama Ruti. Hajagusa kitu bado! Anasema amezijua gari za hivi, hata ukimwamsha usingizini atakwambia gasketi. Injini ifunguliwe kichwa, kipelekwe Mbeya kuchongwa, wiki mbili au tatu.

Wiki mbili sina. Nimemwambia nitafikiri. Amenionea huruma, naona, maana ameniita dada.

Nimempigia Ruti. Alikuwa kwenye kikao. Atapiga baadaye.

Jumatano, 10 Septemba

Leo limetokea jambo.

Nililiwasha gari uani nione mshale unafika wapi likiwa limesimama tu. Ukapanda. Nikainama kwenye boneti natazama mapaipu kama mtu anayejua kitu. Nikasikia sauti ya Baba mlangoni kwake. Nikaganda.

Alikuwa anazungumza na kuku. Yule jike mwekundu aliyekuwa anachakura karibu na miguu yake. “We kuku,” anasema, taratibu, sauti imekauka, “mwambie mwenye gari feni haizunguki. Mimi sisikii feni.”

Kuku akaendelea kuchakura. Mimi nikachungulia. Kweli, feni imesimama tuli, na injini inachemka!

Nikazima. Nikabaki nimemgeuzia mgongo. Nifanye nini? Nikamwambia kuku, “Kuku, asante.” Nikasikia mlango unafungwa.

Lucky amekuja mchana. Waya wa feni umeliwa na panya. Ameuunga, feni ikavuma. Nikacheka peke yangu jikoni nikipika. Nimemwekea Baba kipande kikubwa cha nyama, cha paja.

Miaka yote hiyo, na kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni kuku.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilifurahi mapema. Nimeliendesha hadi Mpemba na kurudi. Feni inavuma, mshale unapanda vile vile, polepole kidogo tu. Kilima kile kidogo kabla ya mizani ukakaribia nyekundu. Nimesimama pembeni, malori yananipita, kila moja linalitikisa gari.

Lucky: si nilikwambia? Gasketi.

Nililia barabarani. Si kwa ajili ya gari. Nililia kwa sababu nilitaka kumwambia Ezron, na nilikuwa nimeshatoa simu kwenye mkoba.

Ijumaa, 12 Septemba

Kuku tena. Naona Baba anamtafuta makusudi sasa, anamwagia punje za mahindi mlangoni ili asiondoke.

Nilikuwa nafua. Akasema: “Kuku, mwenye gari asikubali kufunguliwa injini kwanza. Asubuhi, gari likiwa baridi, afungue mfuniko wa rejeta, awashe, atazame maji. Yakitoa mapovu kama ya sabuni, fundi kasema kweli. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, fundi kasema kweli. La sivyo, bado.”

Ezron aliwahi kuniambia baba yake alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Kamsamba, ujana wake wote, joto likimpika. Nilikuwa nimesahau. Nimeishi na fundi nyuma ya ukuta nikaenda kumtafuta Lucky.

Nimeuliza, nikiwa naangalia nguo: “Kuku, na asubuhi ukiniona nimekosea?” Halafu akasema kuku haoni vizuri siku hizi, atasikia tu. Nikajua anatania. Baba mkwe wangu anatania watu! Sikuwa na habari.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuna mapovu. Nimetazama mpaka shingo ikauma. Maji yana kutu, mekundu mekundu, lakini si ya chai ya maziwa. Nikatangaza uani: “Kuku, hakuna mapovu.” Akajibu kutoka ndani, “Haya.” Hilo “haya” limenikaa moyoni siku nzima, sijui kwa nini.

Mchana nikazunguka mjini, nikarudi likiwa limechemka tena. Baba alikuwa amekaa nje kwenye jua. Nikaingiza gari, nikazima, nikakimbilia jikoni kama kawaida. Kupitia dirisha nikamwona anasimama, anapapasa ukuta, anasogea mpaka mbele ya gari. Akainama. Ananusa. Mtu mzima ananusa gari kama anayetaka kujua mchuzi umeungua au vipi.

“Kuku,” akasema, na kuku mwenyewe hakuwepo, “hapa pana pumba ya mpunga inaungua.”

Mimi leo nilipika ugali.

Nikamwita Lucky. Hakupenda. Ila amekuja, biashara haigombi, akalegeza kile kirejeta cha AC kinachokaa mbele – AC yenyewe haifanyi kazi – ili aone nyuma yake. Katikati ya hicho na rejeta yenyewe palikuwa pamejaa. Pumba za mpunga, vumbi, oili, vimeshikana vikawa tofali. Upepo ungepita wapi? Lucky amebandua vipande kwa bisibisi, akaviweka chini. Kisha akasema, huyu mzee asije akafungua gereji.

Nimempigia muuzaji. Nikamuuliza yule mama wa Vwawa alikuwa anakoboa mpunga ndani ya gari? Kazungusha maneno. Mwisho kakiri: gari lilikaa Kamsamba kwa kaka yake, linaegeshwa nyuma ya mashine, pumba zikitemwa zinaliangukia. Anaapa hakujua kama hilo ni tatizo. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe la mpunga.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani, nikarudi. Ruti hajapiga. Nimeosha gari ambalo halijachafuka.

Jumanne, 16 Septemba

Lucky ameosha rejeta kwa maji siku nzima ya jana. Leo nimekwenda hadi Vwawa na kurudi. Mshale ukasimama katikati, haukutikisika! Nimeimba njia nzima, nyimbo za mazishi, ndizo ninazozijua zote.

Nimefika nikamwambia kuku. Tena nikamwambia kwa furaha, sauti juu, jirani akachungulia.

Baba hakufurahi kama nilivyotaka. Akaomba – kuku aombe – Lucky apapase rejeta injini ikiwa ya moto, kila upande. Lucky kapapasa. Juu ni ya moto, chini upande wa kushoto ni baridi. Baba akasema basi, ndani kuna mirija imeziba. Walikuwa wanatia maji ya mtoni, kutu imejaa. “Tambarare litakwenda,” akasema. “Mlimani sijui. Kuku amwambie mwenye gari kwamba sijui.”

Rejeta nyingine Lucky ameagiza. Inafika Jumamosi. Jumamosi! Siku ya Yonasi.

Ningependa mtu mmoja tu aniambie litafika. Lakini ndiyo hivyo, hakusema.

Jumatano, 17 Septemba

Yonasi kapiga. Anauliza kama gari limepona. Nimesema limepona. Ni uongo wa nusu.

Nimefikiria kukodi. Nimemuuliza Lucky, kaniambia ningefanya hivyo kama ningekuwa na akili. Nikaweka shuka safi, blanketi la Baba, thermosi ya uji, madumu mawili ya maji. Nikakaa kitandani nikatazama hivyo vitu. Nikiita taksi kesho nimeshakubali kwamba Yonasi ana haki – kwamba mwanamke peke yake hawezi. Nikienda na hili gari likafia njiani, Baba anakosa macho kwa ajili ya ubishi wangu. Nimekwenda mara mbili mpaka karibu na mlango wa Baba nikauliza, “Kuku, niite taksi?” lakini sauti haikutoka, nadhani hakusikia.

Ua umenyamaza mno. Nawaza ukinyamaza hivi siku zote.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandikia ndani ya gari. Daftari nilibeba kwa ajili ya kusubiri hospitali, sikujua nitasubiri hapa.

Asubuhi nilitoka na simu mkononi niite taksi, nilikuwa nimeshapiga moyo konde. Nikakuta Baba amekaa kwenye gari. Kiti cha nyuma, koti la suti, kofia magotini, mlango ameshafunga. Sijui alitoka saa ngapi. Sijui aliupapasaje mlango. Nikarudisha simu mkobani.

Tumetoka. Vwawa, mshale katikati. Mlowo, katikati. Kuteremka Senjele nikashika breki njia nzima, na nyuma yangu nasikia anapumua tu. Nikaanza kufikiria nitakavyomwambia Yonasi.

Kisha kupanda Iwambi. Lori mbele yangu linatambaa, nyuma lori, pembeni ukuta wa mlima. Mshale ukaondoka katikati. Nikautazama yeye asijue, kana kwamba anaona. Ukapanda. Nikatoa mguu, gari likazubaa, nikakanyaga, ukapanda zaidi. Nikasikia anakohoa, kile kikohozi changu cha sinia. Mara ya pili. Nikajua anatafuta pa kusemea. Hakuna kuku. Hakuna ukuta. Hakuna mtu mwingine humu.

“Fungua hita,” akasema. “Yote. Na vioo.”

Kwangu. Aliniambia mimi.

Nikafungua hita, joto la injini likanijia usoni kama nimefungua tanuri, jasho likanitiririka mpaka kwenye meno. “Mshale umefika wapi?” akauliza. Nikasema, “Unashuka, Baba.” Nilitamka hivyo, Baba, nikiwa natazama mgongo wa lori. Ukashuka kidogo. Tukapanda, tukapanda. Halafu ukarudi juu, ukagusa nyekundu, nikapata nafasi pembeni nikazima kabla mvuke haujaanza. Akasema nimefanya vizuri kuzima. Akasema nisiguse mfuniko.

Kwa hiyo tumekaa. Saa nne imepita. Mbeya iko juu hapo, ningeweza karibu kuinyooshea kidole. Malori yanapita, gari linatikisika, kofia yake imeanguka. Anaipapasa chini ya kiti, haipati. Nikageuka. Nimesema nitaandika ukweli: nikageuka, nikaiokota, nikamwekea mkononi. Vidole vyake vimekauka, vina makovu ya mashine. Hakuvuta mkono. Alisema asante, akavaa kofia yake. Sikujua kwamba macho yake ni yale yale ya Ezron, na utando mweupe juu yake.

Yonasi amepiga. Amesikia kutoka kwa mtu aliyetuona tumesimama – dunia hii. Nikaweka simu kwenye kiti cha nyuma, sauti kubwa, ili azungumze na baba yake. Yonasi hakupoteza muda. Basi, Baba, shuka hapo, kuna Coaster zinarudi, shika moja nitakupokea Mpemba, tupande nyumbani. Hizi habari za jicho ni uzee tu. Shemeji amejitahidi, lakini mwenyewe unaona.

Baba akasema, “Sioni, Yonasi. Ndiyo maana ninakwenda.”

Yonasi akasema, lakini mko barabarani.

“Mimi niko na mwanangu,” Baba akasema. “Tukitoka hospitali tutarudi kwetu Tunduma. Wewe njoo Jumamosi, utusalimie.” Kisha akaanza kupapasa simu atafute pa kuikatia, akashindwa, Yonasi akawa anasikia tu sisi tunapumua. Nikaikata mimi.

Mwanangu. Sijaitwa hivyo tangu mama yangu afe.

Hatujafika. Mshale umeshuka hadi katikati, na pale juu bado kuna kona ambazo sizijui. Inaweza ikafika saa sita tuko hapa hapa. Nimemimina dumu la kwanza, taratibu kama alivyonielekeza, kitambaa kwenye mfuniko, uso pembeni. Nimerudi kwenye kiti. Ameinamisha kichwa upande, mkono mmoja ameushika mgongo wa kiti changu.

“Washa,” ameniambia, “tusikilize.”

Sijawasha. Nimeshika ufunguo, naandika kwa mkono mwingine. Nalia, na nikisema neno atasikia, kwa hiyo nangoja kwanza machozi yaishe, ndipo niwashe.